Liévin Mwenze na Chupa ya Damu ya Tarehe 14 Desemba

Baba Padri, mama Laurentine na batoto, bandugu ya Bukama na ya Kasomeno, bantu ya kazi ya lupitalo, majirani, na ninyi benye mumesimama kule ku mulango ya lupango bila kuingia, familia imenipa mimi, Clément, mudogo ya marehemu, mwenye tulitoka naye tumbo moja, kazi ya kubasomea historia ya yaya yetu, kaka yetu mukubwa, Liévin Mwenze, mwenye tutazika leo Jumamosi, siku ya posho, tarehe 17 Novemba 1962, hapa Lubumbashi.

Ninajua sababu ya kusimama kule mbali, na sitaizunguka. Munasema marehemu alikuwa mutumbula, muntu ya kukamata bantu na kuuza damu yao, na munasema yeye njo aliua bibi yangu ya ndoa, Delphine, na chupa ya damu yenye alipitisha kwa mukono yake. Ninaomba mubakie pale pale, musikilize mpaka mwisho, juu mu hii historia iko siku moja yenye haijasemwa bado vile ilikuwa, na nikishindwa kuisema leo, batoto yake batabeba ile jina ya mutumbula mu barabara za hii muji mpaka uzee yabo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1919 ku Bukama, mu nyumba ya bantu ya reli, baba yetu akiwa mufundi ya njia, na mama yetu alisemaka kama asubui ile Lualaba ilikuwa imepanda, ukungu imefunika kila kintu, hata gari ya moshi haikuonekana, ilisikika paka filimbi yake tu, na mutoto hakulia, alifungua macho na kuangalia ile weupe yote kama muntu mwenye kutafuta kintu ndani. Alikomaa na tabia ile ile. Alikuwa analala tumbo chini pa kando ya maji, anaangalia tone moja juu ya jani mpaka jua inaikausha, mama anamufinya sikio, anamwambia kama kuangalia kungekuwa bukari, yeye angekuwa amenona kuliko batoto yote ya kampi.

Mwaka 1926 kazi ya baba ilitupeleka Kambove, na kule, ku masomo ya mission, yaya alisoma kuanzia Septemba 1926 mpaka Juni 1933, akawa wa pili mu darasa yake, wa kwanza akiwa mutoto moja ya katekista, na yaya alisema mpaka uzima yake yote kama yule mwengine alimushinda mu kuimba tu. Alisaidia ku mission miaka ine, kisha tarehe 15 Septemba 1937 akaja hapa Lubumbashi ku masomo ya basaidizi ya banganga, akapata diploma yake tarehe 30 Juni 1940, na karatasi ile iko mpaka leo ku ukuta ya nyumba, munaweza kuiona mukiingia.

Alianza kazi tarehe 2 Septemba 1940 mu labo ya lupitalo, na alikaa mule miaka makumi mbili na moja. Bantu mingi banaulizaka alikuwa anafanya nini mule, na ninafikiri maneno mubaya yote ilianzia pale, juu muntu akiona mwenzake anaingia mu chumba na damu, anatoka bila damu, anaanza kuota bitu. Basi nibaambie. Damu si maji ya rangi, ndani yake iko chembe ndogo sana, mu labo banaiitaka globules, nyekundu yenye kubeba pumzi, na nyeupe yenye kula bidudu ya ugonjwa, na haitoshi kuihesabu, muntu anaweza kuwa na mingi na yote imechoka, kama kiwanda yenye kujaa bantu benye kusinzia. Kazi ya yaya ilikuwa kujua kama chembe ingali inafanya kazi yake.

Nyekundu aliipimaka na chumvi. Alipanga pa meza batube kumi na mbili, zile bichupa bembamba bya kioo, ya kwanza iko na maji ya chumvi kali, ya pili imepungua kidogo, ya tatu imepungua tena, mpaka ya mwisho yenye haina chumvi hata kidogo, anatia tone ya damu mu kila moja, na anangoja. Chembe yenye iko na nguvu inashika ngozi yake hata maji ikiwa hafifu, inashuka pole pole, inalala chini mu mustari nyekundu na maji juu yake inabaki safi, lakini yenye imechoka inapasuka, rangi yake inamwangika, na tube yote inakuwa nyekundu yenye kuangaza, muzuri sana kuangalia, na ule uzuri njo alama ya kifo. Nyeupe, aliipa chakula, chachu kidogo, anaiweka ku joto sawa na ya mwili, kisha anaangalia mu mikroskopi chembe mia moja, anaandika ngapi imekula na ngapi imelala njaa.

Na kila siku, mbele ya kugusa damu ya mugonjwa, alijichoma kidole ya mukono ya kushoto, anatia damu yake mwenyewe mu musululu ingine ya batube, pembeni ya ile ya mugonjwa, juu kama chumvi ilipimwa mubaya, damu ya muntu muzima nayo itapasuka, na utajua kosa iko yako, haiko ya mugonjwa. Aliiita shahidi yake. Vidole yake ilikuwa migumu kama ya mushona biatu, mama Laurentine anajua.

Alikuwa anarudi ku nyumba jioni na macho yenye haijarudi bado. Tulikuwa tunamusalimia mara mbili. Alituambia kama mu usingizi anatembeaka mu maji ya uvuguvugu, hakuna juu wala chini, na zile chembe nyekundu zinapita pembeni yake bila haraka, mingi, mingi, kama bantu benye kutoka ku misa ya asubui, na nyeupe zinakuja nyuma, zinagusa kila kintu kama vipofu, zinamugusa na yeye, zinamutambua, zinaendelea. Mimi nilikuwa ninamucheka, nilimwambia aoteke bibi kama banaume bengine.

Basi bibi akamupata Kasomeno, mu Agosti 1944, wakati balimutuma na banganga kupima bantu juu ya ugonjwa ya usingizi, balisimamisha kijiji yote mu mustari, na Laurentine, binti ya muchuuzi ya samaki ya Luapula, alikataa kutoa kidole mbele ya bantu, akasema hapana muntu atakamata damu yake mbele ya kujua jina ya baba ya ule muntu. Yaya alimutajia jina ya baba, ya babu, na ya station yote kutoka Bukama mpaka Lubumbashi. Ndoa yabo ilibarikiwa hapa tarehe 28 Julai 1945, na Mungu alibapa batoto tatu, Alexis mu mwaka 1946, Virginie mu 1949 na Paulin mu 1953, na wa ine ni Martine, mwenye eko mu mukono ya mama Laurentine sasa hivi, yeye ni mutoto yangu na ya Delphine, na mutaelewa namna gani alifika pale.

Julai 1960 tukawa inchi peke yetu, bendera mupya, vita ku kaskazini, bandugu yetu bamoja banakimbia, bengine banafungwa, na mu lupitalo bazungu mingi baliondoka, mpaka labo yote ikabaki mu mukono ya yaya, akapewa ufunguo yake tarehe 1 Oktoba 1960. Hakufurahi na kelele. Alipangusa mikroskopi, akakaa, akaangalia. Mimi wakati ile nilikuwa infirmier, muntu ya kuchunga bagonjwa, mu chumba ya bamama benye kuzaa, na tulikuwa tunakula pamoja saa sita, mukate na karanga, ndugu mbili, na mu mwaka ule ya woga ile saa moja ilikuwa tamu.

Sasa tumefika. Karatasi yenye niliandika mara ya kwanza iko mu mufuko yangu, na mule niliandika paka kama mwisho ya 1961 familia ilipatwa na musiba. Yaya mwenyewe, juma mbili mbele ya kufa, aliniita, akasema: "Wewe njo utasoma historia yangu. Na usiruke tarehe hata moja." Siruki.

Tarehe 14 Desemba 1961, siku ya Alhamisi, vita ilikuwa mu muji tangu siku tisa, mabomu inapita juu ya mabati, umeme ilikatika tangu tarehe 6, na frigo ya labo, yenye kuchunga damu mu baridi, ilikuwa kimya siku zote hizo nane. Saa kumi na mbili ya asubui Delphine alizaa Martine, muzuri, bila shida, na nyuma ya kuzaa damu ikaanza kutoka na haikukubali kusimama. Munganga moja tu alikuwa amebaki, na alikuwa mu chumba ya operation na bantu ya mabomu. Ilibaki chupa moja ya damu ya aina yake, mu ile frigo yenye kufa. Damu yangu haikupatana na yake, ya yaya vilevile haikupatana.

Yaya alipanga batube yake. Nilisimama nyuma yake, niliona na macho yangu, damu ya ile chupa ilipasuka tangu tube ya pili, yote nyekundu, yote inaangaza, na pembeni yake damu ya shahidi ilikuwa imelala chini, safi, mpaka ya saba. Aligeuka, akasema: "Hii damu imekufa, mudogo. Nipatie masaa mbili." Alikuwa na liste ya bantu benye balitoa damu mbele, na juu yake iko jina ya mama Julienne, muchuuzi ya mikate ku Naviundu, wa aina ileile, akapanda velo, baiskeli yake, akaenda Naviundu katikati ya risasi, muntu mwenye hajakimbia hata siku moja mu maisha yake.

Sikungoja masaa mbili. Delphine alikuwa anakuwa mweupe, alikuwa ananiuliza kama mutoto eko na vidole yote, na mimi nilifikiri yaya na batube yake, yaya na ndoto yake, muntu ya kuangalia maji mpaka bantu banakufa. Nilienda mu labo, hakufungaka mulango juu yangu, nilikamata chupa. Mu chupa yenye imekaa kimya, chembe inalala chini na maji juu, na kama ile maji imekuwa nyekundu, infirmier yote anajua ni hatari, yaya alitukatazaka miaka na miaka kutikisa chupa mbele ya kuiangalia. Mimi niliitikisa. Niliitikisa juu nisione, njo ukweli, kisha nikaona damu ya rangi moja, nzito, muzuri, nikajiambia yaya amekosea, na nikamutundikia bibi yangu na mukono yangu, hii. Bandugu, ni mimi.

Saa ine na nusu nilianza kuitia. Nyuma ya robo saa alianza kutetemeka, akalia mugongo, akalia baridi, na saa tano na dakika kumi alikufa, akiwa na miaka makumi mbili na sita. Saa tano na nusu yaya aliingia, jasho inamwangika, na mama Julienne nyuma yake, ameteremuka ku velo, amekunja mukono ya nguo mpaka ku bega, tayari. Mama Julienne, uko hapa, uliona. Yaya aliangalia chupa, akaangalia mimi. Hakunigombeza. Akaenda mu labo, akafungua registre, kitabu yenye kuandikwa kila chupa, mimi ninamufuata kama kipofu, akaandika ku tarehe ile kama chupa ilipimwa, ilikuwa nzuri, ilipitishwa, na chini akatia jina yake. Akaniambia: "Uko na mutoto ya siku moja. Acha."

Sikumukataza. Ninarudilia juu musikie muzuri, sikumukataza.

Ku Januari, tarehe 9, bakubwa ya lupitalo balimuita, balimuuliza namna gani muntu ya miaka makumi mbili ya kazi amepitisha damu yenye kupasuka, alijibu kama alikuwa amechoka, na balimutosha mu labo, balimupeleka kuosha machupa mu stoo. Wakati ile njo jina ya mutumbula ilianza kutembea, ku soko, ku robinet ya maji, mpaka mu kanisa. Baba mukwe yangu alikuja hapa na bantu yake, akamuita mutumbula mbele ya batoto yake, mimi nilikuwa ndani ya hii nyumba, ninasikia, na nitasema yote, moyo yangu ilipata raha kidogo juu haikuwa jina yangu. Mama Laurentine alipigwa na maneno ku soko mpaka aliacha kuenda, na ku mugongo yake alikuwa amebeba Martine, mutoto ya ule mwenye balisema bwana yake ameua, alimunyonyesha na chupa, alimukomalisha, juu mimi sikuweza kumuangalia usoni. Alijua ukweli ao hakujua, sijui. Hakuniuliza hata siku moja.

Ugonjwa ya damu yenye ilimuua marehemu, aliiona yeye mwenyewe wa kwanza. Masera Clotilde, mutawa mwenye kuchunga labo nyuma yake, alikuwa anamufungulia mulango siku ya Mungu nyuma ya misa, akae kidogo na mikroskopi yake, na tarehe 10 Juni 1962, akijichoma kidole vile alizoea, aliona chembe nyeupe zake zimekuwa mingi sana, kuliko inaweza kuwa. Aliipa chachu. Mbele, wakati alikuwa muzima, mu mia moja, themanini zilikuwa zinakula. Ile siku zilikula arobaini na moja. Alirudi kila siku ya Mungu na kuandika, tarehe 8 Julai thelathini na tatu, tarehe 12 Agosti makumi mbili na mbili, tarehe 16 Septemba kumi na ine, na tarehe 14 Oktoba, alipoenda mara ya mwisho akishikwa mukono na Virginie, zilikuwa tisa. Hakulia. Alimwambia Virginie kama ni ajabu, muji umejaa bantu, na hakuna mwenye kupika.

Aliingia ku kitanda ya lupitalo tarehe 20 Oktoba. Mu siku zake za mwisho alikuwa kati ya usingizi na kuamuka, alisema maji imekuwa ya uvuguvugu tena, alisema ukungu ya Lualaba imeingia mu chumba, alinyoosha mukono na kuuliza nani anapita pale, nani huyu mweupe, na mama Laurentine alimujibu kama ni yeye, na yaya alicheka, akamuomba kumutajia jina ya baba yake. Alilala tarehe 15 Novemba 1962, siku ya Alhamisi, saa ine ya asubui, na miaka makumi ine na tatu, na mimi nilikuwa pale, na sikuwa nimemuomba musamaha, nilikuwa ningali ninatafuta maneno.

Familia inashukuru banganga na ba-infirmier benye balimuchunga, inashukuru Masera Clotilde kwa ule mulango ya siku ya Mungu, inashukuru bantu ya stoo benye baliosha machupa pamoja naye na hawakumuita jina ingine zaidi ya lake, inashukuru majirani benye balileta makala ya moto na bunga, na inashukuru mama Julienne ya Naviundu, mwenye alikuja katikati ya risasi na mukono yake tayari, na mwenye alinyamaza mwaka muzima kwa sababu yaya alimuomba.

Kwa ninyi ya familia ya Delphine, kule ku mulango, sina cha kuomba kwa ajili yangu. Munaweza kunipeleka kwa polisi leo jioni, munaweza kunifanyia vile mutaona, sitakimbia. Ninaomba paka kintu kimoja, muingie, mupite mbele yangu bila kunisalimia kama munapenda, mufike kwa mama Laurentine, mumupe mukono, na muangalie mutoto yenu mwenye alimulea, eko na macho ya Delphine.

Alexis, Virginie, Paulin, baba yenu hakuua muntu. Museme hivyo ku masomo, ku robinet, pahali yote, museme na jina ya mwenye aliua, mimi nimebapa ruhusa.

Yaya, Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, ofisi ya lupitalo ikifungua, nitaenda kuomba ile registre, mbele ya munganga mukubwa na ya Masera, nitakata jina yako ku tarehe 14 na nitaandika yangu pale. Leo ninakurudishia jina yako kwa mudomo. Ni yako, ni safi, lala nayo, pumzika kwa amani.